Mume Wangu Katika Kitabu cha Tatu

Nilipoolewa, mume wangu alikuwa bado hajazaliwa. Hakuzaliwa baadaye pia. Nalisema hili mapema ili msomaji asikae akimngoja, kama karani wa mashamba alivyomngoja.

Mama mkwe wangu alijaliwa mabinti watupu, na baba mkwe akafa mapema. Kwetu Kisii, nyumba ya mama asiyekuwa na mvulana ilikuwa na njia yake. Binti akiolewa, ng'ombe wanaoletwa ni wa kumtafutia ndugu yake mke. Kama ndugu hayupo, mama anaweza kuwachukua ng'ombe walewale akamwolea mke mwana ambaye angekuwepo. Yule mke anakuwa mke wa nyumba hiyo. Watoto atakaowazaa ni wajukuu wa mama huyo, na jina la baba yao ni la mwana yule. Mambo yanaendelea. Hakuna aliyeona ajabu, na mimi sikuona. Nilitoka kwetu karibu na Nyamira nikaja kwenye kilima hiki cha upande wa Keroka nikiwa na kikapu, jembe, na mume ambaye hangenisumbua.

Kuhusu aliyenisaidia kupata watoto, alikuwa mtu wa heshima. Watu walimjua, hawakuuliza, na sitaanza kujibu leo.

Majina ya watu wote hawa ninayo kichwani, na ya ng'ombe pia. Siyaandiki kwa sababu wajukuu wao ni majirani zangu na tunaombana chumvi.

Huyo mume alikuwa na jina. Mama mkwe alimpa jina la babu yake marehemu, kama mtoto yeyote wa kwanza. Alikuwa pia na kiwanja. Nyuma ya nyumba ya mama, mahali ambapo kijana wa Kisii hujengewa kibanda chake akikua, paliachwa wazi. Hapakupandwa mgomba wala wimbi. Mama mkwe alipafagia kila Ijumaa mchana pamoja na ua mwingine, kwa kuwa tulikuwa watu wa Sabato na Jumamosi hatushiki ufagio.

Siku ya kupeleka ng'ombe wa mahari yangu, bwana harusi hutakiwa kusindikizwa na ndugu. Wetu alisindikizwa na mtoto wa ndugu ya baba mkwe, jirani yetu wa upande wa juu, niliyemwita shemeji mpaka alipokufa. Ndiye aliyewaswaga ng'ombe wale hadi kwa baba yangu. Ndiye aliyeongea kwa niaba ya bwana harusi, na akala kwa niaba yake pia. Mama yangu alisema hajawahi kuona mtu akimla fahali kwa bidii namna ile kwa ajili ya mwingine.

Basi uhuru ukaja, na nyuma yake yakaja mambo ya kupima mashamba. Wazee wa kamati ya mashamba walipita kilima chote na kamba na vigingi. Kila walipomaliza kipande, waliandika jina la mwenyewe kitabuni. Walipofika kwetu walimwuliza mama mkwe, "Hili ni la nani?"

"La mwanangu," akasema, akataja jina.

Wakaandika. Hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa. Wote walikuwa wa ukoo wetu, walijua shamba la nyumba ni la wana wa nyumba, na mwana wa nyumba ile alikuwa huyo. Wanangu wawili walikuwa wadogo, mmoja mgongoni, mmoja akiwafukuza kuku wa kuchinjiwa kamati.

Hicho kikawa kitabu cha kwanza. Kitabu cha pili kilikuwa cha chifu, cha wanaume wenye vipande, yaani kadi ile ambayo mtu hutia kidole kwenye wino ndipo anapewa. Vitabu hivi viwili havikujuana. Kimoja kilijua udongo, kingine kilijua vidole.

Halafu serikali ikamleta karani aviunganishe.

Alikuwa mtu wa Mombasa, mpole, mwenye shati jeupe ambalo lilibaki jeupe hata wakati wa mvua. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kiasi kwamba kwetu kilihitaji mkalimani. Msaidizi wa chifu ndiye aliyefasiri. Mimi nilikuwa nimeokota Kiswahili kidogo sokoni Keroka nikiuza ndizi, kwa hiyo nilisikia anachosema karani na pia kile msaidizi wa chifu alichoamua kuwa amesema.

Karani aliwekwa kwenye banda la kupokelea pareto. Meza yake ilikuwa hivi: kushoto kitabu cha kamati, kulia kitabu cha chifu, katikati kitabu cha tatu, kipya, kitupu. Anasoma jina kushoto pamoja na jina la baba. Anatafuta kulia. Akilipata, anatia alama pande zote mbili na kuliandika katikati. Asipolipata, anapiga mstari mwekundu na mwenyewe anaitwa aje kujieleza. Alifanya kazi hiyo taratibu, akipiga chafya kwa sababu ya vumbi la maua ya pareto, na baada ya kila chafya alirudi kuweka kidole pale pale alipoachia. Nilimpenda kwa hilo.

Sheria aliyotusomea ilikuwa fupi. Kitabu cha tatu kitafungwa mvua za masika zikianza. Shamba ambalo mwenyewe hatakuwa amepatikana pande zote mbili litaunganishwa na la ndugu wa kiume wa karibu ambaye amepatikana.

Ndugu wa kiume wa karibu alikuwa shemeji. Siku hiyohiyo nilimwona akipita kwenye mpaka wetu, akiangalia migomba yetu jinsi mtu anavyoangalia koti dukani.

Mwanzo wa kazi ulikuwa mbaya kwa sababu karani aliita watu Jumamosi. Hakujua. Wasabato wote tulikuwa kanisani tukiimba, na kutoka kanisani banda la pareto lilionekana vizuri. Wakatoliki walifika bila kukosa. Kwa siku moja kilima chetu kikawa cha Kikatoliki kitupu.

Jumatatu karani alimwuliza msaidizi wa chifu, "Hawa wengine wamekufa?"

"Hapana. Walikuwa wanasali."

"Wote?"

"Waliobaki walikuwa wanawasubiri waliokuwa wanasali, wale chakula."

Karani akafikiri. Hakutaka kuwapiga mstari mwekundu watu aliowasikia kwa masikio yake wakiimba. Akafungua ukurasa mpya nyuma ya kitabu cha tatu, akaandika juu yake: Hawakufika. Ukurasa huo ulizaliwa na Sabato. Naomba msomaji aukumbuke.

Ikafika zamu yetu. Tulikaa kwenye benchi, mimi na mama mkwe, tukisubiri mstari mwekundu. Karani akasoma jina la mume wangu kushoto, akasoma la baba yake. Akahamia kulia. Kidole kikateremka, kikateremka, kikasimama.

"Yupo," akasema.

Mimi na mama mkwe tukatazamana. Yeye aliinama akanong'ona kwa lugha yetu, "Ameandikishwa lini?"

Mambo yalikuwa hivi. Sisi huwapa watoto majina ya marehemu, na marehemu ni walewale, kwa hiyo majina hurudi na kurudi kama sahani za kanisa. Kwenye kilima cha pili alikuwako mwanamume aliyehamia kutoka Birongo, mwenye jina la mume wangu, mtoto wa mtu mwenye jina la baba mkwe wangu. Shamba lake lilikuwa Birongo, kwenye kitabu cha kamati nyingine kabisa. Hapa kwetu alikuwa na kidole tu bila udongo. Mume wangu alikuwa na udongo bila kidole. Karani alifanya kama kazi yake ilivyomwelekeza, akawafanya mtu mmoja, akaandika katikati. Mwandiko ulikuwa mzuri. Kisha akatuma aitwe, aje kuweka sahihi.

Alikuja siku ya pili akiwa amevaa koti na kofia, na nyuma yake mke wake akiwa amejifunga kiuno. Alikuwa mtu mfupi, mnene, mwenye sura ya mtu aliyeamshwa.

"Hongera," karani akamwambia. "Una shamba hapa. Mke wako huyu. Watoto wako wale pale."

Msaidizi wa chifu akafasiri. Yule mtu akanitazama. Mimi nikamtazama. Mwanangu mkubwa akaacha kutafuna muwa.

Mke wake ndiye aliyeongea. "Haya. Kumbe ukisema umeenda Keroka kununua misumari, ndiko huku."

"Mama watoto, mimi huyu simjui!"

"Misumari ya mwaka mzima! Nyumba yenyewe imefungwa kwa kamba!"

"Dada," nikamwambia, "mchukue mume wako. Mimi wangu si huyu."

"Na wako yuko wapi?"

"Hilo ndilo tumekuja kuuliza."

Mama mkwe alikuwa ameinuka. Alimzunguka yule mtu kama anayekagua ndama sokoni, akasimama mbele yake, akatikisa kichwa. Akasema maneno mengi kwa Ekegusii, na msaidizi wa chifu akayafasiri kwa machache: "Anasema si huyu. Anasema wake ni mrefu."

Karani akamwuliza, "Mrefu kiasi gani?"

Mama mkwe akainua mkono juu ya kichwa chake mwenyewe, akafikiri, akauongeza kidogo.

Mwenye kofia alifurahi sana kuambiwa si yeye. Alitushika mikono wote, hata shemeji. Mke wake aliondoka mbele yake bado akiuliza habari za misumari, na nasikia aliiuliza miaka mingi. Karani akachukua wembe, akakwangua jina katikati polepole asitoboe karatasi. Mume wangu akarudi kushoto, peke yake. Mstari mwekundu ukapigwa.

Hapo shemeji akasimama. Alikuwa amevaa viatu siku hiyo.

"Bwana karani," akasema, "tusipoteze wakati wa serikali. Mtu huyo haonekani. Mwandike amekufa, mambo yaishe. Mimi nitawatunza."

Karani aliona ni wazo zuri. Kwake lilikuwa njia safi. Marehemu hahitaji kipande, mjane na watoto wanaandikwa, shamba linabaki katika nyumba ile. Alishika kalamu. Hakujua kwamba kwetu mume akifa, mjane hachukuliwi na mtu wa mbali. Ndugu wa marehemu huingia katika nyumba ile, naye akiingia hatoki tena, na shamba huwa mkononi mwake. Kama mume wangu angekuwa hai hapatikani, shemeji angepata shamba. Kama angekuwa marehemu, angepata shamba na mimi juu yake. Hakuwa amevaa viatu bure.

Mama mkwe akaweka kiganja chake juu ya kitabu cha tatu, mahali pale ambapo kalamu ilikuwa inaelekea.

"Hajafa," akasema kwa Kiswahili. Sikuwahi kumsikia akisema Kiswahili kabla ya hapo.

"Mama," karani akasema kwa upole, "kama hajafa, anaishi wapi?"

"Njoo."

Tukaenda wote, karani, msaidizi wa chifu, shemeji kwa viatu vyake, na kundi la watu ambao hawakuwa na kazi siku hiyo. Mama mkwe akampeleka karani moja kwa moja nyuma ya nyumba, akamwonyesha kiwanja. Kilikuwa kimefagiwa. Mistari ya ufagio ilionekana.

Karani akatazama huku na huku. "Nyumba iko wapi?"

"Hajajenga," mama mkwe akasema.

Karani alikitazama kile kiwanja kwa muda. Sijui alisikia nini kutoka kwa msaidizi wa chifu njiani, maana walitembea wakinong'ona, na sasa alinitazama mara moja, akawatazama watoto, hakuniuliza lolote. Alimgeukia shemeji.

"Wewe ulimsindikiza kwenye harusi yake?"

"Nilikwenda, ndiyo."

"Ng'ombe walitoka?"

"Walitoka. Niliwaswaga mwenyewe."

"Na fahali aliliwa," mtu mmoja akasema nyuma, na watu wakacheka, kwa sababu habari ya ulaji ule ilikuwa imefika hata Nyamira.

"Walikuwa ng'ombe wa kumwolea nani?"

Shemeji alifungua mdomo. Angesema hakuna mtu kama huyo, angekuwa amesema mbele ya ukoo wake kwamba alimdanganya baba yangu, akanichukua kwa hila, na kwamba ng'ombe warudi. Na watoto warudi nami kwa baba yangu, na nyumba ya ndugu ya baba yake ifutike. Hata yeye hakutaka hivyo. Alitaka shamba tu.

Akataja jina la mume wangu.

"Basi yuko," karani akasema. "Sasa nakuuliza lingine. Nilipoita watu, alifika?"

"Hakufika."

"Mama, alifika?"

"Hakufika," mama mkwe akasema.

"Na wewe?" akaniuliza mimi.

"Hakufika, bwana karani."

"Nyote mnakubaliana. Ni nadra sana kwenye kazi hii."

Tukarudi bandani. Akafungua ule ukurasa wa nyuma, wa Hawakufika. Wasabato walikuwa wameshafika na kufutwa mmoja mmoja, lakini ukurasa haukuwa mtupu. Waliobaki humo ni wanaume waliokwenda mashamba makubwa ya chai Kericho, au Nairobi, au kusikojulikana, na wake zao walikuwa wakilima; aliyeandikwa humo alihesabiwa kuwa anangojwa, na shamba lake haliunganishwi na la mtu. Akaandika jina la mume wangu chini yao. Mbele yake akaandika: Hakufika. Mke anasimamia shamba, wana watarithi. Halafu akapiga chafya.

Alikuwa mtu mkweli yule karani. Hakuandika neno hata moja la uongo.

Miaka iliyofuata niliishi kama mke wa mtu aliye mbali, na tulikuwa wengi. Tulipanda chai pamoja na wenzangu wa ukurasa ule, tukaichuma, tukaipeleka kituoni na vikapu mgongoni. Waume zao walirudi Krismasi, wengine kila Krismasi, wengine moja tu. Wakirudi, kulikuwa na kelele usiku na jicho jeusi asubuhi, na mbuzi mmoja hakuonekana tena. Mwenzangu mmoja aliniuliza tukichuma chai, "Wako haleti shida?"

"Hata kidogo."

"Na haandiki barua?"

"Na wako anaandika?"

Akafikiri. "Hapana."

"Basi."

"Lakini wako ana afadhali," akasema. "Wako hana mwingine huko."

Chifu alimwita mume wangu kwenye harambee ya shule mara kwa mara. Nilikwenda mimi na kuku. Kanisani, mzee wa kanisa alitaka kujua nikae na wajane au na walioolewa, na mama mkwe alimwambia nikae karibu na mlango kwa sababu ya watoto. Sikuhama tena. Shemeji alitangulia mbele za haki bila kurudisha neno alilosema bandani. Nilipeleka maziwa matangani, na nililia vizuri, maana kusema kweli aliniletea ng'ombe zangu.

Katikati ya miaka ya sabini mama mkwe aliugua kifua. Alikuwa mzee sana. Siku zake za mwisho alilala akiangalia dirishani, upande wa kiwanja. Mwanangu mkubwa alikuwa tayari na sauti nzito na kipande chake kilikuwa kinakaribia.

"Huyu akipata kadi," akaniambia, "mwache yule apumzike. Amengoja kutosha."

"Nitamwacha lini, mama?"

"Utajua."

Alikufa Ijumaa kabla ya jua kuzama. Nilikifagia kiwanja mwenyewe kwanza, ndipo nikawaita watu.

Kijana alipopata kadi yake, nilipanda gari la asubuhi hadi Kisii mjini, kwenye ofisi ya mashamba, ili wanangu waandikwe. Karani wa dirishani alikuwa mwingine, mtu wa kwetu, mwenye haraka. Alitoa kitabu, akakuta jina la mume wangu na maneno ya yule wa Mombasa mbele yake.

"Bado hajafika huyu?"

"Hatafika. Amekufa."

"Pole, mama." Akachukua kalamu. "Lini?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichoambiwa. Sikuhitaji kutunga.

"Siku moja na mama yake."

Akainua kichwa. "Ajali?"

"Hapana. Hakuweza kubaki bila yeye."

Akanitazama, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaandika. Akapiga mstari juu ya jina, akaandika majina ya wanangu chini yake, na jina la baba yao pembeni ya kila mmoja. Akanipa pole tena, na akamwambia mwenzake aniletee kiti.

Nikakaa. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunipa pole kwa ajili yake. Nikashangaa kwamba ilinifikia moyoni.

Nilirudi nyumbani jioni. Wiki hiyo mwanangu mkubwa alichimba misingi ya nyumba yake mahali pale palipofagiwa. Aliniuliza kama kuna mtu wa kuulizwa kwanza.

Nikamwambia mwenyewe amekubali.